Lango Nililolibadilisha Jina

Incheon, 21 Novemba

Mdogo wangu mpendwa Kum-suk,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba goti halikusumbui sana sasa baridi ya Shenyang imeanza kuuma. Mimi nipo. Presha inapanda na kushuka, meno yamebaki machache, lakini kabichi za majira ya baridi nimezitia chumvi kwa mikono yangu, na pilipili nimeweka kidogo tu, kama alivyokuwa akiweka mama. Barua hii anakuletea Bi Maeng, anayekuja huko kuwaona wakwe zake. Sikuthubutu kuyasema haya kwenye simu. Ukimaliza kuisoma, ichome.

Unajua kwamba chama chetu cha watu tuliotoka kando ya mto Tuman kina tovuti, nami ndiye ninayeitunza kwa mwaka wa sita sasa. Ualimu wa fizikia ulinipa ujasiri wa kugusa mashine. Ndani yake kuna folda ya barua za ndugu zetu waliobaki ng'ambo ya mto, wanaotuandikia kwa siri, na wanachama huifungua kwa neno la siri. Kila faili niliipa jina kama tulivyozoea kwenye kitabu cha ukoo: jina kamili, kijiji, mwaka wa kuzaliwa. Kwetu jina lisilo na kijiji si jina.

Mwezi uliopita mwenyekiti wetu, mzee Ok Byong-du, aligundua kwamba ukurasa wa kwanza wa tovuti, ule ambao sote huuita lango, ndani ya mashine unaitwa index, neno la kigeni. Akanidhihaki mbele ya kikao kizima. "Mwalimu Ryu, umevuka mto, umevuka mipaka mitatu, ili uje kubandika jina la mgeni kwenye lango la kwetu?" Wakaangua kicheko, nami nikaona haya kama mtoto.

Kesho yake asubuhi nikakaa kulirekebisha. Mtu anapobisha kwenye folda bila kutaja ukurasa anaoutaka, seva, ile mashine inayohifadhi tovuti, hutafuta ukurasa wenye jina ililoagizwa kulitafuta, ikamfungulia huo. Agizo lenyewe ni mstari mmoja katika mipangilio yake. Nikalifuta neno index, nikaandika daemun, yaani lango kwa lugha yetu, kisha nikaupa ukurasa wa kwanza jina hilo hilo. Ukafunguka vizuri. Mzee Ok akanipeleka kula tambi baridi, akasema sasa tumefika nyumbani.

Siku ya kumi na moja Bi Maeng akanipigia simu. "Mwalimu, hivi umefungua mkahawa? Naingia kwenye barua, siulizwi neno la siri, naona majina yamepangwa juu hadi chini kama orodha ya vyakula ukutani!" Nikacheka. Kisha nikaenda kuiwasha mashine.

Folda ya barua ilikuwa na ukurasa wake wa kwanza, na huo ndio uliokuwa ukiuliza neno la siri. Huo bado uliitwa index. Ilinipasa kuongeza jina jipya pembeni ya lile la zamani. Mimi nililifuta la zamani. Seva ilipofika pale na kukosa jina inalolijua, ikamwaga majina ya faili zote mbele ya yeyote aliyebisha. Kurekebisha hakukuchukua hata dakika tano: nikarudisha index kwenye mstari ule, nikaikataza seva kuorodhesha folda yoyote. Mzee Ok alipoambiwa hakufoka. Alisema tu, "Umetuanika kama samaki, Ryu," akakata simu. Hakuniita Mwalimu.

Seva huandika kila anayeingia. Nikazisoma siku zote kumi na moja, mstari kwa mstari. Folda ile ilifunguliwa na watu watatu. Wawili ni Bi Maeng na mimi. Wa tatu aliingia Jumanne, saa nane na dakika arobaini mchana, akakaa dakika kumi na tisa. Alifungua faili moja tu, mara nne. Faili ya Man-sop, mdogo wetu aliyebaki na mama, jina lake na kijiji chake juu.

Namba ya mashine ya mgeni huyo inatoka Shenyang. Wewe uko Shenyang. Watu wa serikali ya kule tulikokimbia, inayowafunga wanaotuandikia, nao wako Shenyang, na namba haisemi ni mlango upi. Anayetuletea habari za Man-sop alipaswa kupiga simu tarehe moja. Leo ni tarehe ishirini na moja. Kila simu inapolia, nashindwa kuinyanyua, na isipolia ni vibaya zaidi.

Sasa nikwambie nililokuficha. Najua huingia kwenye tovuti yetu kutazama picha za mto. Neno la siri la barua sikukupa, nikasema ni sheria ya chama. Si kweli. Katika barua ile Man-sop ameandika kwamba mama alifariki, miaka miwili iliyopita, mwezi wa tatu, na amezikwa juu ya shamba la mahindi, upande unaotazama mto. Wewe ulikuwa umetoka kupasuliwa moyo, nikajiambia nitakwambia ukipona. Ukapona. Nikajiambia baada ya sikukuu ya mavuno. Kila ulipouliza, nilijibu mama hajambo, anakusalimu. Salamu zile nilizitunga mimi.

Miaka miwili niliogopa usije ukaisoma barua ile. Sasa naomba iwe ni wewe uliyeisoma. Naomba iwe ulilia zile dakika kumi na tisa, ukairudia mara nne, ukaninyamazia kwa hasira. Nichukie, Kum-suk, nitashukuru. Kama ni wewe, mwambie Bi Maeng neno moja tu, kwamba uliisoma. Kama si wewe, usimwambie kitu, nitaelewa.

Msalimie shemeji, na ujikinge na upepo. Bi Maeng anarudi Alhamisi. Nitakuwa uwanja wa ndege tangu asubuhi, nikimtazama usoni kabla hajafungua mdomo.

Ni mimi kaka yako,
Ryu Chang-gil