Mguu wa Umulkheir na Kosa Langu

Mkomani, Amu
12 Desemba 1957

Mpendwa kaka yangu Abdulkadir,

Assalamu alaykum warahmatullah. U hali gani huko Unguja, na kile kifua kimepoa? Sisi hatujambo, na leo nashusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu Juni.

Mwanao Umulkheir, amana yako kwangu, anatembea. Wiki iliyopita, kabla hatujarudi kutoka Mombasa, daktari alimpima miguu yote miwili kwa utepe, akasema iko sawasawa. Anachechemea kidogo tu. Magongo ameshayatupa, na jana nimemgombeza kwa kukimbia ukumbini, huku machozi yananitoka.

Kama mume wangu Badawi alivyokuandikia, mtoto aliteleza kwenye ngazi za kwendea juu tunakopikia, akavunjika paja. Hospitali waliufunga mguu kamba yenye uzito wa kuning'inia, uuvute mfupa mpaka ukae mahali pake. Tuliambiwa uzito ule usiguswe. Baada ya wiki mbili picha ikaonyesha vipande vya mfupa vimepandana, ikabidi apasuliwe, atiwe bamba la chuma na skrubu, kisha afungwe plasta kutoka kiunoni hadi vidoleni. Asubuhi ile ya kupasuliwa simtakii hata adui yangu.

Badawi alikuandikia pia kwamba mtoto mwenyewe ndiye aliyekuwa akiuinua ule uzito. Barua yako ya kumkemea nimeikuta hapa nyumbani. Sijamsomea, maana si yeye.

Ni mimi, kaka. Kila wakati wa sala nilikuwa nikiuinua na kuuweka kitini, ili asali kwa raha. Roho haikunipa kumwona akimkabili Mola wake huku kafungwa mguu kama mbuzi. Nilidhani dakika chache hazidhuru. Daktari alipouliza nani kagusa, niliingiwa na hofu, nikanyamaza. Mtoto akanitazama, kisha akamwambia ndiye yeye. Ana miaka tisa.

Siku alipotolewa plasta nilimuuliza kwa nini alisema vile. Akanijibu, "Wangekufukuza, shangazi, nami ningelala na nani?"

Daktari nimemwambia ukweli kabla ya kuondoka, na Badawi pia. Nikasirikie mimi, nimestahili. Barua yako nimeitia motoni. Mwandikie nyingine, iwe ya kumsifu, na iwe ndefu. Kila siku aniuliza kama baba yake ameandika.

Mwambie mkeo Barka mwanawe ni mzima. Nisalimie wanao Amini na Kamaludin. Mama yetu, Bi Umi, hainuki kwenye mswala wake bila kukuombea. Mola akuhifadhini nyote na kila baya.

Dada yako akupendaye, aombaye radhi,
Radhiya