Vifuniko vya Papa

Gare ya Likasi, Juni 1993

Yaya Doudou, mukubwa wangu,

Tangu benyeji batufukuze ku nyumba juu tuko Bakasai, tunalala hapa gare ya treni. Ni wiki ya sita, treni ya kwenda kwetu Kasai haiyafika. Mama anakusalimia. Baridi ni kali. Sufuria na mashini ya kushona viko. Miye ndiye ninavichunga, silale, sikae.

Papa alikuwa anapanga vifuniko vya chupa kama kete, ananiita: "Adrienne, kuya tucheze dame, mara moya tu." Ninamujibu: "Ngoja, Papa, bataiba mizigo. Tutacheza mu treni."

Kuhara kulimushika siku mbili. Juzi tulimuzika.

Hakuna hata kijiko kimepotea, yaya. Vifuniko viko mu mufuko yangu. Ukitupokea Mwene-Ditu, acha mizigo kwanza. Kaa chini, tucheze.

Mudogo wako,
Adrienne