Barua Niliyoandika kwa Jina la Dahir

Jumatatu, 3 Oktoba

Chai ya rangi tena. Sukari imekwisha. Wasichana wangu wamekwenda shule bila kitu tumboni na hawakulalamika. Afadhali wangelia.

Dahir ametoka baada ya alfajiri kama mtu mwenye kazi. Shati limepigwa pasi. Anakwenda soko la mifugo kukaa na madalali wenzake. Hana anachouza. Ng'ombe wake wa mwisho walikufa kwa ukame njiani, wakitoka malishoni Hulugho. Tangu hapo hajalitaja neno ng'ombe ndani ya nyumba hii.

Naandika Kiswahili maana mume wangu hakisomi. Anakisema tu, kile cha sokoni.

Jumatano, 5 Oktoba

Nimempeleka Ilyas, mwanangu wa mwisho, kliniki. Nesi akamzungushia mkononi ule utepe wa kupima utapiamlo. Nyekundu. Akapima tena. Nyekundu.

"Mama, huyu mtoto anakula nini?"

Nikasema anakula vizuri. Nilisema hivyo, na mbavu za mtoto zinaonekana zote.

Akanipa pakiti za lishe. Akishuka zaidi atalazwa. Jioni Hamdi, binti yangu mkubwa, nilimkuta analamba pakiti tupu ya mdogo wake. Nikamzaba kofi. Kisha nikaingia jikoni nikalia. Kofi lile nilistahili mimi.

Alhamisi, 6 Oktoba

Nimemwambia Dahir tumwombe Abshir, binamu yake mwenye duka la vitambaa Nairobi. Amekuwa mkali.

"Abshir nilimsomesha mimi. Leo nimnyooshee mkono?"

Miaka yote mkono wake ulikuwa wa juu, wa kutoa. Ramadhani watu walipanga foleni mlangoni kwetu. Hajui kuushusha. Hata mimi sijui. Lakini mimi ndiye ninayembeba Ilyas, na kila siku anakuwa mwepesi.

Jumamosi, 8 Oktoba

Nimeandika. Kwa Kisomali, kwa jina la Dahir. Mama Sahra, jirani yangu, ameipiga picha barua na kuituma kwa simu yake. Nimemwambia Dahir ndiye aliyenituma. Uongo huo.

Mwingine umo ndani ya barua. Niliandika njaa, nikachana. Nikaandika tena, nikachana. Kila nyumba ina njaa mwaka huu, nani atashtuka? Basi nikaandika kwamba Dahir ni mgonjwa, hawezi kusimama, na mwanawe wa mwisho anayeyuka mikononi mwa mama yake. Nimemlaza mwanamume mzima kitandani kwa kalamu.

Ya Allah, nisamehe. Nilipomaliza niliona imeandikwa vizuri. Nikafurahi. Hilo ndilo linalonichoma.

Jumatano, 12 Oktoba

Abshir ametuma pesa kidogo. Anasema biashara ni mbaya, lakini barua amewapelekea watu wema, na jina amelificha. Watu gani? Hakusema.

Nimenunua unga, mafuta na maziwa. Dahir akauliza vimetoka wapi. Nikasema mkopo wa kikundi cha akina mama. Akala. Uongo huu ulikuwa rahisi kuliko yote.

Ijumaa, 14 Oktoba



Nilikuwa nafua nyuma ya nyumba. Msikiti uko karibu, kipaza sauti tunakisikia mpaka jikoni. Baada ya swala imamu akasema amepokea barua kutoka Nairobi, ya ndugu wa mtaa huu huu. Jina hana. Akaanza kusoma.

Maneno yangu. Yote. Ng'ombe waliofia njia ya Hulugho. Mtoto anayeyeyuka. Mtaa mzima unasikia. Mama Sahra akatoka kwake, akasimama uani, akanitazama. Imamu akafika pale: hawezi kusimama. Akayarudia. Na Dahir yumo humo ndani, safu ya kwanza, kama kila Ijumaa.

Imamu akauliza nani anaijua nyumba hiyo, ili watu waende kumjulia hali mgonjwa.

Kisha sauti nyingine, mbali na kipaza sauti. Maneno sikuyapata. Mwenye sauti nilimjua.

Mume wa Mama Sahra ndiye aliyekuja kunieleza, amesimama mlangoni, macho chini. Anasema Dahir angeweza kunyamaza, kwa kuwa jina halikutajwa. Aliinuka.

"Nyumba hiyo ni yangu. Barua niliandika mimi. Siumwi, mnaniona. Nilidanganya kwa sababu ya wanangu."

Alisema hivyo mbele ya watu aliokuwa akiwapa zaka. Hakuniuliza. Alijua ni nani, akaubeba uongo wangu.

Natamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumamosi, 15 Oktoba

Hajanisemesha.

Watu wameleta mchele, maharage, hata mbuzi mmoja aliyekonda. Dalali mmoja akamuuliza Dahir miguu inaendeleaje, sasa inasimama? Wenzake wakacheka. Dahir akajibu, "Alhamdulillahi." Akampa chai.

Nilikuwa nyuma ya pazia. Chai ile niliipika mimi.

Jumapili, 16 Oktoba

Angenifokea ningepumua.

Jumanne, 18 Oktoba

Amesema. Baada ya alasiri, amekaa mkekani, Ilyas mapajani.

"Lete karatasi."

Nimwandikie Abshir. Kwamba haumwi. Kwamba mkewe ndiye aliyeandika, maana mume alikuwa anatoka na shati safi kila asubuhi na haulizi watoto wamekula nini. Nikaacha kuandika. Akasema endelea.

"Ugonjwa niuitaje?" nikauliza.

"Andika njaa. Ndiyo iliyopo."

Nikamwomba radhi. Akasema, "Ulinifanya kilema, Hodan." Akatia sahihi yake mwenyewe, polepole.

Hajanisamehe. Lakini usiku alikula sinia moja na mimi.

Jumapili, 23 Oktoba

Dahir amekodi mkokoteni wa punda. Anauza maji mitaani. Siku ya kwanza alijifunga kilemba mpaka puani, kama mtu anayekimbia vumbi. Hakukuwa na vumbi.

Amerudi mabega yanamwuma. Nimemkanda kwa mafuta ya simsim. Ameniruhusu.

Alhamisi, 27 Oktoba

Utepe wa Ilyas umeonyesha njano. Bado si kijani. Nesi ameridhika kidogo.

Wakati wa kurudi nikamwona Dahir ng'ambo ya barabara, mbele ya hoteli ya chai wanapokaa madalali. Kilemba kiko shingoni, uso wazi. Alikuwa anajaza madumu ya mwenye hoteli. Punda hakutulia, maji yakamwagika viatuni mwa mtu, na mtu yule akapiga kelele ili wote wasikie.

Nikajificha nyuma ya lori. Sikutaka Dahir ajue nimemwona. Jua kali. Ilyas mgongoni akaanza kulia, nikambembeleza anyamaze tusisikike. Kisha nikaona ninachokifanya.

Nikavuka. Nikaishika kamba ya punda, karibu kabisa na kinywa. Akatulia. Dahir akaniangalia, akawaangalia wale wa hotelini, akainamia dumu. Akajaza, akafunga kifuniko, akachukua jingine.

Hakuniambia niende nyumbani.