Mstari Mtupu wa Novemba

Gort an Chuain, 29 Oktoba 1996

Dada yangu Sorcha,

Salamu zikufikie huko Boston, wewe na shemeji, na baridi isiwazidi. Sisi wazima, ila Bibi. Kifua kinambana, na daktari ameacha kutuficha.

Unakumbuka orodha ya marehemu tunayoipeleka altareni kila Novemba, na ule mstari ambao Bibi huagiza uachwe mtupu? Ni wa mtoto wake wa kwanza, wa mwaka 1938. Mwezi uliopita alinishika mkono akasema anataka kujua kabla hajaondoka. Yeye alimsikia mtoto akilia, kisha akazimia kwa homa. Alipozinduka, marehemu Babu Manus akamwambia mtoto kazaliwa maiti, kilio kakiota tu. Akanituma kwenye ofisi ya kumbukumbu ya kaunti, kwa kuwa macho yake yamekwisha na vitabu vyao ni vya Kiingereza, si vya lugha yetu.

Unanijua nilivyo. Nilisimama kaunta nimeduwaa hadi karani, mama mmoja mnene mwenye pipi mdomoni, akaniuliza, "Binti, unaongea na mimi au na viatu vyako?" Alicheka, lakini akanifungulia vitabu vitatu. Akanionya kwamba aliyezaliwa maiti haandikwi popote, nisitegemee kitu.

Yumo, Dada. Kitabu cha vifo, Februari: mtoto wa kiume, umri saa kumi na tisa. Aliyetoa taarifa ni Manus, baba yake, na sahihi ni ileile yake ya kupinda.

Siku tano niliificha nakala aliyonitolea karani ndani ya daftari la jiografia. Babu aliyetufundisha kuogelea, nimwite mwongo mbele ya mkewe? Siku ya sita nikamsomea. Hakulia. Alisema, "Si niliwaambia?" Kisha akakumbuka Manus alivyorudi siku ile amelowa chapachapa. Basi alikuwa kamfuata padri ng'ambo ya ghuba, bahari ikamkatalia, na mtoto akakata roho bila ubatizo. Ndiyo maana alimzika peke yake nyuma ya ukuta wa makaburi, penye mawe yasiyoandikwa, pamoja na wenzake wasiobatizwa. "Maskini mume wangu," akasema. "Aliona afadhali niamini hakupumua kabisa, kuliko nijue alimkosa padri."

Kisha akaniuliza jina lililoandikwa.

Hili sijamwambia hata Mama. Pale pa jina pana kistari tu. Na mimi, nisiyeweza kuagiza mkate dukani bila kutetemeka, nikajibu papo hapo: Cathal. Akalirudia mara tatu, taratibu, kama anayeonja kitu. Akasema Manus alichagua vizuri.

Leo kaniagiza niandike orodha, na ule mstari nimeujaza kwa mkono wangu. Ukija Krismasi ukamkuta hai, mtaje mtoto kwa jina hilo, nakusihi. Nakala nimeitia humu ndani ya bahasha. Ikae kwako, mbali na nyumba hii.

Bibi anakuombea kila jioni. Anasema mwaka huu watu wake wote wametimia.

Mdogo wako akupendaye,
Muireann