Mafuta ya Kongo, Sabuni ya Koboko

Mama Keji,

Nimeanza barua hii mara kadhaa na kila mara nimeichana, kwa sababu nikishaandika jina lako mkono unagoma. Leo nimeona nianze na habari, kama tulivyokuwa tukianza kila asubuhi, wewe ukiwasha moto nami nikichuja mafuta. Habari ni hii: njia ya kwenda Kongo imefunguka. Mawese yanakuja tena. Kibanda chako hapa Koboko kinanukia sabuni mpaka barabarani, na mimi bado nimo ndani yake.

Ilibaki kidogo tu nisiwemo. Hilo ndilo nataka kukueleza.

Tulipokurudisha kutoka hospitali ya Kuluva na kukuzika nyuma ya nyumba yako, wanawake wa chama chetu cha sabuni walikaa nami siku zote za msiba. Halafu kila mmoja akarudi kwake, na mimi nikabaki na masufuria yako. Nilifikiri kazi itanishika nisianguke. Lakini kazi yenyewe ilikuwa inakufa. Unakumbuka kile kizuizi kimoja upande wa Kongo, baada ya daraja? Muda mfupi baada ya wewe kuondoka vikawa vitatu. Kila kimoja kina kamba yake ya kufunga barabara, kina mtu wake mwenye sare, na kila mtu ana jina jipya la ushuru. Furaha, aliyekuwa anatuletea mafuta tangu kabla mimi sijafika, akaacha kuja. Nikanunua mafuta ya dukani kutoka Arua, nikatengeneza sabuni ambayo hakuna mtu wa kawaida angeweza kuinunua. Siku moja nikafunga mlango, nikakaa nje kwenye benchi lako, sikulia hata. Kaka yangu akapiga simu kutoka Onduparaka, kwetu Arua, akaniambia nirudi nyumbani, mpira ukiisha Jumapili atakuja na gari la rafiki yake kuchukua vitu vyangu. Nikamwambia sawa.

Nisamehe kwa hilo neno. Nililisema.

Nilivyokuwa nakusanya vitu nikawa nakukumbuka, si kwa mambo makubwa. Nilikumbuka siku kostiki ya sabuni iliponirukia ikaniunguza mkono, ukaushika mkono wangu ndani ya maji mpaka nikanyamaza, halafu ukanirudisha kazini siku hiyohiyo. Nilikumbuka ulivyokuwa unakata miche ya sabuni kwa waya bila kupima, na yote inatoka sawa. Na nikakumbuka ile safari.

Nilikuja kwako nimemaliza sekondari, karo ya kuendelea haikuwepo, na nilijiona msomi. Nilikuwa nimesoma uchumi. Kwenye mtihani niliweza kuandika kuhusu soko huria na taasisi za dola, ukurasa mzima, lakini sikuwa nimeona hata kimoja kikitembea barabarani. Wewe hukuwa umesoma. Ulizaliwa upande wa Sudan, ukaolewa Koboko, vita vikakukimbiza na watoto mpaka Kongo, na huko ndiko wanawake walikufundisha kuchemsha sabuni. Mipaka yote mitatu uliivuka ukiongea Kikakwa kilekile na watu walewale wa ukoo wako. Ulinisikiliza siku moja nikieleza mambo ya vitabu, ukacheka, ukasema twende.

Ukanipeleka Kongo kwanza. Michikichi ilikuwa mingi mpaka macho yanachoka, lakini watu walikuwa bado wanakamua kwa mikono. Nilipouliza kwa nini hawanunui mashine, mwenyeji wako alinitazama kama mtoto. Ukionekana una mashine, alisema, kila mwenye sare atakuja kudai sehemu yake. Halafu tukaenda Sudan Kusini, kwenye kijiji ulikozaliwa. Udongo uleule, mvua ileile. Mashamba yamelala kwa sababu wakulima wamekimbia, na waliobaki na bunduki ndio wanaopanga bei. Mwanamke mmoja aliishika sabuni yetu, akainusa, akafumba macho kama anakumbuka kitu, akairudisha. Pesa yake ilikuwa inapoteza nguvu kabla hajafika nayo sokoni. Tukarudi kwetu Uganda, kwenye amani na barabara nzuri, nami nikaanza kujivuna. Ndipo ukanitolea kutoka sandukuni ile fomu ya kibali iliyokuwa inauliza tuna mashine ngapi na mhandisi wetu anaitwa nani.

"Hii karatasi iliandikwa na watu ya viwanda," ulisema. "Mama ya sufuria haiko ndani."

Halafu ukasema lile ambalo sikulipata kwenye kitabu chochote. "Mafuta iko moja, sabuni iko moja, lakini serikali iko tatu. Kila moja inageuza sabuni yangu."

Nikakuuliza kama sabuni nayo inaweza kuigeuza serikali. Ulifikiri sana, ukikoroga. Ukasema, "Mimi sijaona bado."

Basi, Mama. Siku mbili kabla kaka yangu hajaja, Furaha alifika mlangoni kwa miguu, na jerikeni moja tu kichwani. Alikuwa amepita porini kukwepa kamba. Miguu yake imechanwa na miiba. Nikampa maji, nikaanza kuwalaani wale watu wa vizuizi, na yeye akanikatiza. Alimjua yule wa kamba ya kwanza. Ni jirani yake. Watoto wa jirani huyo wamekaa nyumbani, hawasomi. "Ule mutu hana mushahara," aliniambia. "Serikali ilimuweka pale, ikamusahau. Anakula barabara."

Siku zote nilikuwa nafikiri tatizo ni mtu mbaya, na mtu mbaya dawa yake ni kumkwepa au kumpa anachotaka. Sasa nikaona kwamba hata akiondolewa, atakayewekwa mahali pake naye atakula barabara, kwa sababu hajawekewa kitu kingine cha kula. Na sisi tukikwepa, tunapita porini, hakuna ushuru halali unaoingia popote, kwa hiyo hata chifu wa kule Kongo hana cha kumlipa mtu. Kila upande unamharibu mwenzake. Nilimpigia kaka yangu nikamwambia asije.

Wanawake wa chama walirudi. Tukaongea, wa Koboko na wa Kongo, kwa Kikakwa, Kiswahili na Kilingala kidogo, tukakubaliana tuombe jambo moja: ushuru mmoja, mahali pamoja, uandikwe kwenye bango ambalo kila mtu anaweza kusoma, na risiti itolewe. Sehemu imlipe anayekusanya, sehemu itengeneze soko. Na mwanamke mmoja kutoka kwetu akae mezani pamoja naye.

Chifu wa kule alitukubalia mkutano kwenye darasa la shule. Walikuja maofisa wa pande zote mbili, tukakaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Wanawake wakasema mimi ndiye niongee, kwa kuwa nimesoma. Ofisa mmoja mwenye cheo akaniuliza kabla sijaanza, "Wewe binti ya Arua, nani alikutuma huku?"

Nikasema hakuna aliyenituma. Nikasema mafuta yasipokuja mimi nafunga kibanda, nikifunga Furaha hana wa kumuuzia, na Furaha akikaa nyumbani, huyu anayeshika kamba hatakuwa na mtu wa kumsimamisha na kumtoza. Sikuwa nimejiandaa kusema hivyo. Chifu akamgeukia yule jirani wa Furaha, akamuuliza mbele ya wote ni lini alilipwa mara ya mwisho. Alivua kofia, akaikunja mikononi. Darasa zima liliona.

Bango likasimamishwa wiki hiyo. Nisikudanganye, wiki iliyofuata liling'olewa. Kuna wakubwa waliokuwa wanakula kupitia zile kamba tatu, na hawakuja kwenye mkutano kwa sababu hawakuona umuhimu wa mkutano wa wanawake wa sabuni. Kamba zikarudi. Siku ile nilikuona wewe kabisa, umesimama pembeni ya moto, unasema sijaona bado.

Furaha ndiye aliyesema tusivuke. Asivuke mtu yeyote, si kwa barabara, si kwa pori. Akinamama wa mafuta wakakaa nyumbani, sisi tukakaa na masufuria baridi. Ilituuma. Wengine walianza kunung'unika, na siwezi kuwalaumu, watoto wanakula kila siku. Lakini siku ya soko ikapita bila mafuta, bila sabuni, bila chumvi wala nguo, kwa sababu wachuuzi wengine nao walisikia wakakaa. Siku ya soko nyingine ikapita. Soko la kule likawa uwanja wa mbuzi. Wenye maduka wakaenda kwa chifu, halafu wake za wale wakubwa wenyewe wakaenda, maana nyumbani kwao nako sabuni iliisha. Chifu alikuja mwenyewe na mafundi. Bango likachimbiwa kwa saruji, na yule jirani wa Furaha ndiye aliyeshika ngazi.

Kwa hiyo nimeona, Mama, kwa macho yako na yangu.

Sasa kuna kituo kimoja. Jirani anaandika risiti polepole, ulimi nje kama mtoto wa shule, na watoto wake wamerudi darasani. Chama kimesajiliwa Arua, na ofisi ya pale imekubali kutusikiliza kuhusu ile fomu. Bado hawajaibadilisha, lakini yule karani aliandika kwa kalamu pembeni "watengenezaji wadogo," akasema ataipeleka juu. Kila wiki tunapakia sabuni kwenda Omugo, kwenye makambi ya wakimbizi. Kuna wanawake pale wa kijiji chako. Nilipowaambia sabuni ni ya Keji, mmoja alikaa chini. Upande wa Sudan Kusini kwenyewe bado ni pagumu na siwezi kukupambia kwa maneno. Lakini wale wanawake wananiuliza jinsi bango letu lilivyosimama, na wanauliza kwa makini, kama watu wanaopanga kurudi nyumbani.

Kuna jambo la mwisho, na ndilo lililonifanya nikuandikie leo. Furaha ameomba nimfundishe kuchemsha sabuni. Anataka kufungua kibanda upande wa Kongo, kwenye mafuta yenyewe. Nilimwambia nitafikiri. Nilirudi nikakoroga siku nzima nikiwa na hasira, nikihesabu wateja nitakaowapoteza. Hii ni kazi yako, Mama, ni kitu pekee ulichoniachia, na hapo hapo nikataka kukifungia sandukuni.

Halafu nikafikiria wale watu wenye michikichi wasiothubutu kununua mashine. Nikafikiria kwamba bango linasimama kwa sababu ya chifu mmoja aliyetishika na soko tupu, na chifu naye ataondoka siku moja. Litakalolishikilia ni watu wengi wa kule wenye kitu cha kupoteza likianguka. Furaha akiwa na kibanda chake, na mwenzake naye akiwa na chake, atakayekuja kufunga kamba atakuta barabara ina wenyewe. Na mimi nitauza pungufu kidogo, nitalala vizuri zaidi.

Basi nakuahidi hivi. Jumatatu nitavuka na sufuria lako kubwa kwenye bodaboda. Nitamfundisha Furaha kila kitu, hata ule wakati wa kuacha kukoroga ambao ulichukua mwaka mzima kunionyesha. Akikosea nitamkemea kwa sauti yako. Kostiki ikimrukia nitamshika mkono ndani ya maji. Na wale wanawake wa Omugo wakirudi kijijini kwenu na kunihitaji, nitakwenda huko pia, hata kama wewe hutakuwepo kunionyesha njia.

Lala salama, Mama yangu. Mafuta yamefika mlangoni, nasikia Furaha anaita. Ngoja niende nikampokee.

Mtoto wako wa Arua,
Candiru