Ulisema Tumbo, Nikaandika Kiungulia

Mpendwa Nyanya Lan,

Kiti chako cha dirishani hapa kwenye makao ya wazee sasa anakikalia mzee mmoja, mwenyeji wa hapa hapa Castle Vale, nami nimemnunia bure, maskini, hajanikosea lolote.

Unakumbuka ulivyonifundisha ile ya kuku? Nilikuwa nakuosha mgongo huku nikiimba wimbo wa kwaya wa kwetu Kenya. Ukanionyesha mkono wako, vipele vimesimama. "Da gà," ukasema, kisha ukaiga kuku anayetaga hadi nikaelewa: ngozi ya kuku. Kwenu Vietnam mwili ukisisimka, mtu huota ngozi ya kuku. Kuanzia hapo ukaniita con, mwanao. Ukishika kifua na kutikisa magoti, nilijua: moyo unadunda, miguu inatetemeka, unaogopa kwa kuwa daktari anakuja. Kiingereza kilikuwa kikikupotea kidogo kidogo kwa uzee, lakini nilijisifu kwamba mwili wako nausoma.

Halafu Jumapili moja binti yako Mai hakuja na supu yako. Alikuwa amelazwa hospitalini kule Bordesley Green kwa upasuaji, na alituomba tusikwambie. Jumatatu ukauchukua mkono wangu, ukauweka tumboni pako. "Nóng ruột," ukasema. Ukatafuta Kiingereza, ukapata maneno mawili tu: utumbo, moto.

Nikamwuliza Achieng, mwenzangu wa zamu. "Hiyo ni acid tu," akasema. "Mpatie ile syrup, then uandike kwa notes." Nikakupa. Jumanne ukarudia, nikakupa tena. Jumatano ulikisukuma kijiko, ukanitazama kama mtu aliyechoka kueleza. Nilikasirika, Nyanya, sikufichi. Kulikuwa na wengine wanane wa kuoshwa. Nikangoja hadi ukameza, nikaandika. Alhamisi asubuhi moyo wako ukasimama, ukiwa umekaa hapo dirishani.

Mai alipopata nafuu alikuja kuchukua vitu vyako. Aliuliza jambo moja tu: "Mama aliniulizia?"

Nikamjibu hapana, ulikuwa umetulia, ni tumbo tu lililokusumbua. Nilidhani namfariji. Akataka kujua tumbo lilikuwaje, nikamtajia lile neno, nikalitamka ovyo. Akakaa kitandani pako taratibu.

"Huo si ugonjwa," akasema. "Ni kumhofia mtu wako hadi ndani kunawaka."

Tumbo joto! Nyanya, neno hilo ninalo. Nimekua nalo. Nilipokuwa nikisubiri viza ya kuja huku, nilimwambia mama yangu kila siku kwamba nina tumbo joto, wala hakunipa dawa, alikaa nami tu. Wewe uliniletea neno la kwetu kwa lugha ya kwenu, nikakunywesha syrup.

Mai ameniambia lipo na jingine, đứt ruột, utumbo kukatika, la mtu aliyefiwa. Sisi husema maini. Nayo yangu yamekatika, na sina wa kumshika mkono niuweke hapo.

Nilimwambia Mai ukweli, kwamba ulimwulizia siku tatu mfululizo. Alilia sana, akanishukuru, na shukrani hiyo ndiyo inayoniumiza zaidi. Kwenye daftari bado pameandikwa kiungulia, mara tatu, kwa mwandiko wangu.

Pumzika sasa, Nyanya. Mai amepona. Anatembea, anakula, ananipigia simu Jumapili. Hilo ndilo ulilokuwa ukiniuliza.

Aliyechelewa kukujibu,

Con wako