Majivu ya Matanga ya Tata

Muleba, 24 Julai 2023

Dada Klaudia,

Salaam nyingi, waitu. Huku tupo, ila macho ya wifi yako Joanitha bado yanawasha kwa moshi. Mimi uzima wangu unaujua: kitambi kinatangulia, akili inafuata nyuma. Wewe je, na watoto hapo Kashai?

Nakuandikia na kumpa kondakta wa basi kwa sababu simu yangu imeyeyuka. Dada, kijiji kimeungua. Siku ileile uliyoondoka, baada ya sisi wanawe kuanua matanga ya Tata, mchana upepo ulivuma, na rweya yote, mbuga ile ya nyasi kavu, ikawa moto. Ukaingia vibanjani, kwenye migomba na nyumba. Nyumba yetu imebaki kuta. Ya jirani Edvina hata kuta haina, na mbuzi wake walikuwa wamefungwa. Watu wote wamepona.

Bado sijaamini. Kila asubuhi natoka kwenda kukagua migomba, nakuta weusi mtupu, narudi, halafu natoka tena. Joanitha ananiuliza kama kuna kitu nimesahau. Migomba iliyozunguka kaburi la Tata imeungua pia.

Nami nilikimbilia ndani kuokoa mali. Nikatoka nimekumbatia redio isiyo na betri.

Mdogo wako,
Rweyemamu


Kashai, Bukoba, 31 Julai 2023

Mdogo wangu Rweyemamu,

Pole, pole, pole. Sisi hatujambo. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni pa duka, mteja akaniuliza bei ya sabuni mara mbili, mimi namtazama tu. Tumemzika Tata, hata machozi hayajakauka, na sasa hili!

Jumapili baada ya ibada tulikutana, sisi watu wa kijiji tunaoishi mjini. Tumechanga. Kila kaya iliyounguliwa itapata fedha ya mabati na ya chakula mpaka migomba ichipue. Mimi ndiye mweka hazina, kwa hiyo usiwe na wasiwasi, zitafika.

Ila nilisimama nikasema jambo moja, na wote wakanipigia makofi: kaya ulikoanzia moto isipate hata senti. Mtu anacheza na moto Julai, halafu sisi tumnunulie bati? Huyo mjinga ni nani? Niandikie jina lake.

Msalimie wifi.

Dada yako,
Klaudia


Muleba, 2 Agosti 2023

Dada,

Habari za huko? Kifua chako kimepoa? Sisi tunalala chini ya turubai la kuanikia kahawa. Joanitha anasema nakoroma kuliko linavyopiga kelele upepo ukija. Nimemwambia angalau mimi sivuji.

Mchango wenu umewashangaza watu. Edvina alipoambiwa alikaa chini palepale, kwenye majivu.

Kuhusu huyo mjinga wako, moto haukuacha kitambulisho. Ulitoka rweya, basi. Wewe gawa tu fedha. Tangu utoto ukishika jambo hulibwagi, hata kuku alipokuwa akidonoa mahindi yako ulitaka kujua ni wa ukoo gani.

Mdogo wako,
Rweyemamu


Kashai, 9 Agosti 2023

Rweyemamu,

Sijui hata nikusalimu vipi. Hamjambo?

Jana Muharami, mwenyekiti wenu wa kitongoji, alinipigia simu. Anasema moto ulianzia pembeni mwa kibanja chetu, pale nyasi za rweya zinapoanza, palipomwagwa majivu ya moto wa matanga. Anasema umesimama mkutanoni ukatamka kwamba uliyamwaga wewe, na kwamba kaya yako iondolewe kwenye msaada. Akakusifu, eti wewe mtu mkweli.

Mkweli! Asubuhi ile wewe ulikuwa umelala kwenye nyasi za msiba mdomo wazi, mpaka watoto wakakucheka. Kwetu binti mkubwa ndiye anayetoa majivu ya matanga ya baba yake. Ndoo ya bluu niliibeba mimi. Niliweka kiganja juu ya majivu, nikaona yamepoa. Juu, Rweyemamu. Chini sikugusa. Basi lilikuwa linakaribia kupita, nikamwaga, nikakimbia.

Na nikasimama mbele za watu nikasema huyo mjinga asipewe senti.

Ulijua tangu lini?

Klaudia


Muleba, 12 Agosti 2023

Dada yangu,

Shikamoo. Leo nakuamkia, maana naona hata jina lako umeliandika kama la mtu usiyemjua.

Nilijua siku ileile. Nilikimbia kuzima, nikaikuta ndoo pale moto ulipoanzia, imejikunja upande mmoja kwa joto.

Sasa nisikilize. Ulikuwa unamfanyia Tata kazi ya mwisho. Sikutaka kazi hiyo iitwe ujinga na kijiji kizima. Mimi wamezoea, nikikosea hakuna anayeshtuka. Hata Joanitha aliamini mara moja, jambo ambalo kidogo limeniuma. Bati nitapata taratibu. Usije. Usiseme kitu.

Mdogo wako,
Rweyemamu


Muleba, 21 Agosti 2023

Dada,

Ulifika salama? Uliondoka Jumamosi bila kunywa hata chai.

Nilipokuona unashuka na lile gauni lako la kanisani, nilijua hukunisikiliza. Uliwaambia wote mkutanoni kwamba majivu uliyamwaga wewe. Kisha ukageuka kwenda barabarani, hukusikia yaliyofuata. Muharami alikuna kichwa, akasema, "Kaya iliyowasha moto ipo Kashai. Ina bati. Haijaomba msaada. Tuendelee." Nilidhani anatania. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyepinga. Kwa hiyo nimepewa, na sijui niziweke wapi fedha hizi.

Edvina naye alikuwapo. Alikuwa hajanisalimu tangu siku niliyotamka kwamba ni mimi. Leo asubuhi amekuja mpaka kwenye turubai, akatazama huku na huku, akauliza, "Ile ndoo ya dada yako iko wapi?" Nilidhani anataka kuipasua. Nikampa.

Sasa hivi namwona kule chini. Anachotea maji ya kufyatulia matofali. Imepinda, inamwaga nusu njiani, lakini anarudi tena.

Ukija, usimwombe akurudishie. Shika upande mmoja wa ndoo, naye ashike mwingine.

Mdogo wako,
Rweyemamu